Dawa ya zambarau kwenye meza ya upasuaji: jibu kwa muuguzi wa Tanga

Swali: Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja mkoani Tanga. Kila baada ya miezi michache hutujia daktari bingwa wa macho ambaye huondoa vinyama vya jicho na kuwapasua wagonjwa wa presha ya macho, na katika upasuaji huo hutumia dawa ya rangi ya zambarau iitwayo mitomaisini. Mwaka huu ameanza kuja pia bingwa wa njia ya mkojo, naye huiingiza dawa hiyo hiyo kwenye kibofu baada ya kukwangua uvimbe. Dawa tunaichanganya wenyewe kwenye toroli. Nimesikia kwamba ni dawa ya saratani na kwamba humdhuru anayeishika, lakini wenzangu husema tone la kwenye jicho haliwezi kumfanya mtu kitu. Je, glavu zetu za kawaida zinatosha? Taka zake tunazichoma pamoja na nyingine, ni sawa? Nami nina ujauzito wa wiki kumi na sijamwambia mtu kazini.

Jibu: Dada, nitaanza na mwisho wa barua yako, kwa sababu ndipo penye haraka. Kuanzia leo usichanganye dawa hiyo, usisimame mezani katika upasuaji unaoitumia, usifute iliyomwagika, na usishike mkojo wala mfuko wa mkojo wa mgonjwa aliyetiwa dawa hiyo kwenye kibofu. Mwambie msimamizi wako wa zamu, na ukiona vigumu kumwambia yeye, mwone muuguzi mkuu wa hospitali. Hutakuwa unaomba upendeleo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mama mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampatie kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana. Katika chumba cha upasuaji inawezekana karibu kila siku, kwa kuwa siku ya bingwa wa macho haikosi kazi nyingine ya kukupa mbali na meza hiyo.

Sababu ya kukuharakisha ni hii. Mwaka 1985 watafiti walichapisha matokeo yao kuhusu wauguzi wa Ufini waliokuwa wakishika dawa za saratani. Waliozishika katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito walionekana kuwa na uwezekano wa kuharibikiwa na mimba zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wenzao wasiozishika. Wauguzi wa zama zile wengi walichanganya dawa pasipo kinga ya maana, na kwa hiyo sikuambii kwamba hilo ndilo litakalokupata wewe. Siku chache ulizokwisha kusimama mezani si sababu ya kukata tamaa wala ya kuwaza usiku kucha. Hakuna kipimo cha damu kitakachokueleza kiasi ulichokipata. Kilicho muhimu ni kumweleza mkunga wako kliniki tarehe za upasuaji huo na kazi uliyoifanya, aziandike kwenye kadi, nawe uendelee na vipimo vya kawaida. Wenzako wanaotarajia kushika mimba na wale wanaonyonyesha nao wanahitaji tahadhari hii, na wanaume hawamo nje yake, kwa kuwa dawa za kundi hili huweza kugusa mbegu za uzazi za jinsia zote mbili.

Sasa nieleze dawa yenyewe. Mitomaisini C ilipatikana Japani katika miaka ya 1950 kutokana na vijidudu vya udongoni. Kazi yake ni kuingia ndani ya seli na kuzifunga pamoja nyuzi mbili za vinasaba, hata seli ishindwe kugawanyika. Daktari wa macho huitumia kwa sababu hiyo hasa: kinyama cha jicho, ambacho katika pwani yetu huwapata sana wavuvi na wakulima wanaoshinda juani, hupenda kuota tena baada ya kuondolewa, na dawa hii huzizuia seli za kovu zisiote upya. Katika upasuaji wa presha ya macho huzuia kovu lisizibe njia mpya ya maji ambayo daktari ameifungua. Kwenye kibofu huziua seli za uvimbe zilizobaki zikielea baada ya kukwangua. Lakini dawa haijui ni seli ya nani. Ikiingia kwenye ngozi ya kidole chako au ikivutwa puani hufanya kazi ile ile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kumsababishia binadamu saratani, na baadhi ya jamaa zake, kama vile thiotepa, melfalani na saiklofosfamidi, zimo katika kundi la vile vinavyojulikana kwa hakika kuisababisha. Tangu mwaka 1979 watafiti wa huko huko Ufini walionyesha kwamba mkojo wa wauguzi waliochanganya dawa za saratani ulikuwa na uwezo wa kubadilisha vinasaba vya vijidudu vya maabara. Maana yake ni kwamba dawa ilikuwa imeingia miilini mwao pasipo wao kuhisi lolote.

Wenzako wanaosema kuhusu tone la jicho wana sehemu ya ukweli, na ni haki kuipima. Mchanganyiko wa kawaida wa kinyama cha jicho ni miligramu 0.2 katika kila mililita. Tone moja la mililita 0.05 lina miligramu 0.01 tu. Kwenye kibofu dozi ya kawaida ni miligramu 40, ambayo ni sawa na matone 4,000 ya dawa ile ya jicho, nayo hukaa ndani ya mgonjwa saa moja hadi mbili kisha sehemu yake kubwa hutoka pamoja na mkojo. Kwa hiyo ukiniuliza siku ipi ya kuiogopa zaidi, nitasema siku ya kibofu. Hata hivyo wenzako wamelihesabu tone lililofika jichoni, hawakuhesabu unga uliokuwa kichupani, ukungu uliotoka sindano ilipochomolewa, kipande cha sponji kilichowekwa pembeni ya trei, wala vidole vilivyoshika sponji hiyo kisha vikashika mpini wa taa. Kwa dawa za namna hii hakuna kiwango kidogo kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtu mzima wa afya anayekipata tena na tena kwa miaka. Mgonjwa anaipata mara moja au mara chache kwa faida yake. Wewe unaipata kila bingwa anapokuja, pasipo faida yoyote.

Hapa pana jambo ambalo nimeliona katika miaka yangu ya ufamasia, nami naliona kuwa ndilo kiini cha tatizo. Mtu wa chumba cha upasuaji amefundishwa tangu chuoni kuilinda meza isichafuliwe na yeye. Huosha mikono, huvaa glavu na gauni, hufunika pua na mdomo, na vyote hivyo ni kwa ajili ya mgonjwa. Dawa hii inataka mazoea ya pili yaliyo kinyume cha yale: kujilinda wewe usichafuliwe na meza. Vazi ni lile lile kwa macho, ndiyo maana mtu hudhani amekwisha kujikinga. Niliwahi kuitwa katika hospitali moja ya pwani kuangalia namna dawa zinavyoshikwa, nikakuta mitomaisini imemiminwa kwenye bakuli la chuma lililo wazi, feni ya ukutani ikivuma juu yake. Baada ya upasuaji wa tatu shuka la toroli lilikuwa na doa la zambarau lenye upana wa kiganja, na juu ya doa hilo palikuwa pamepangwa vitambaa vya mgonjwa wa nne. Masalio yalimwagwa kwenye sinki la kunawia. Kisha akaingia mama wa usafi, mikono mitupu, akafuta kila kitu kwa dekio lake. Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Kila mmoja alikuwa akifanya kwa uangalifu kile alichofundishwa.

Kwa hiyo ifuate dawa tangu inapotoka kwenye boksi. Kichupa kinapofika huenda nje yake tayari pana vumbi la dawa kutoka kiwandani, hivyo hata anayekipokea stoo avae glavu. Kuchanganya kusifanyike kwenye toroli la chumba cha upasuaji. Mahali pake ni famasi, ndani ya kabati la usalama linalovuta hewa na kuichuja, mfamasia akiwa amevaa kinga kamili. Nikuonye juu ya kosa ambalo watu wema hulifanya: kabati la kuchanganyia dripu safi, lile linalopuliza hewa kwa mlalo kutoka nyuma kuja mbele, huilinda dawa na vijidudu lakini hewa yake yote humpiga mchanganyaji usoni. Kwa dawa ya saratani kabati hilo ni baya kuliko kutokuwa nalo. Kama hospitali yenu haina kabati linalofaa, njia bora ni kupanga na hospitali iliyo nalo, dawa ichanganywe huko na kuletwa ikiwa kwenye bomba la sindano lililofungwa kwa kifuniko, ndani ya mfuko mzito wenye zipu na chombo kisichopasuka. Lakini mpange muda vizuri, kwa sababu mitomaisini iliyokwisha kuchanganywa haidumu sana, na haifai kuchanganywa na maji ya glukosi, ambayo huiharibu upesi.

Ikiwa hilo nalo halijawezekana, mfamasia aifanye kazi hiyo katika chumba cha peke yake kisicho na feni wala kiyoyozi kinachovuma juu ya meza, akitumia kifaa cha kuhamishia dawa kwa mfumo uliofungwa, ambacho huzuia mvuke na matone kutoka kichupani. Hiyo ni hali ya muda. Menejimenti isiichukulie kuwa imemaliza wajibu wake. Ajihadhari na shinikizo ndani ya kichupa: asipulize hewa nyingi kuliko maji anayoyatoa, la sivyo sindano ikichomolewa dawa huruka kama ukungu. Bomba lisijazwe zaidi ya robo tatu, na liwe la mdomo unaokazwa kwa kuzungusha, kwa maana lile la kuchomeka tu huchomoka wakati wa kusukuma.

Hesabu ya kuchanganya nayo ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Kichupa cha miligramu 2 kikitiwa mililita 10 hutoa 0.2 kwa mililita. Kikitiwa mililita 5 hutoa 0.4, kiwango ambacho baadhi ya madaktari hukitumia kwenye presha ya macho. Lakini stoo ikileta kichupa cha miligramu 10 kwa sura inayofanana, na mtu akatia mililita zile zile 10 alizozizoea, jicho litapata dawa mara tano ya inayotakiwa, na weupe wa jicho unaweza kuyeyuka wiki au miezi baadaye, mgonjwa akiwa ameshasahaulika. Bomba liandikwe jina la dawa, kiwango chake, saa iliyochanganywa na neno la tahadhari. Mitomaisini walau hujitangaza kwa rangi yake. Nyingine hazina rangi hata kidogo, na ukiziweka kando ya ganzi na maji ya chumvi huwezi kuzitofautisha.

Umeuliza kuhusu glavu. Jozi moja ya glavu nyepesi za kupimia wagonjwa haitoshi, na zile za vinili hazifai kabisa. Vaa jozi mbili zisizo na poda, za kiwango kilichopimwa kwa dawa za saratani. Hilo huandikwa kwenye boksi. Zikikosekana, jozi mbili za glavu za upasuaji zisizo na poda ni bora zaidi kuliko za kupimia. Poda haitakiwi kwa sababu hunyonya dawa na kuipeperusha. Jozi ya ndani iingie chini ya mkono wa gauni na ya nje iufunike. Badilisha kila baada ya nusu saa, na mara moja zikitoboka au zikilowa. Dawa hizi hupenya mpira polepole pasipo tundu lolote kuonekana, na joto huongeza kasi yake.

Gauni letu la kitambaa, lile linalofuliwa na kurudi, hunyonya maji kama khanga. Gauni linalotakiwa ni la kutupwa, lisilopitisha maji, la mikono mirefu yenye kubana, lililofungwa mbele na kufunguka nyuma. Kama lililopo ni la kitambaa tu, vaa chini yake aproni ya plastiki na mikono ya plastiki. Najua msimu wa kaskazi unavyokuwa, kiyoyozi kikizimika katikati ya kazi na jasho likitiririka, lakini ndiyo saa ambayo mtu hulegeza kamba za gauni na kujifuta uso kwa mkono wa glavu. Afadhali orodha ya wagonjwa ipangwe ili hao wa mitomaisini wapasuliwe asubuhi, wakifuatana, kisha nguo zivuliwe. Barakoa ya upasuaji haizuii chembe ndogo. Kwa kufuta kilichomwagika au unga, vaa barakoa inayobana uso ya kiwango cha N95, nayo ujue kwamba huzuia chembe, haizuii mvuke. Macho yafunikwe kwa miwani ya kinga au kioo cha uso. Miwani ya kusomea haihesabiwi.

Mezani, dawa iwe na trei yake ndogo, mbali na vifaa vingine, na iletwe dakika inayohitajika. Sponji zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, kwa sauti, kwa kuwa kipande kimoja kikisahaulika chini ya ngozi ya jicho huendelea kuchoma. Anayeangalia saa atangaze kila dakika, kwani tofauti ya dakika mbili na tano ni kubwa kwa jicho. Baada ya hapo daktari huosha jicho kwa maji mengi, na maji hayo yote ni taka ya dawa: yanyonywe na yasiachwe kutiririka shavuni mwa mgonjwa na kwenye shuka. Vifaa vilivyogusa dawa vitengwe, na glavu za nje za wote waliogusa zibadilishwe kabla ya kushika uzi wa kushonea. Sponji, mabomba na sindano ziingie kwenye chombo cha peke yake hapo hapo, sindano bila kutenganishwa na bomba wala kurudishiwa kifuniko.

Kwenye kibofu kanuni ni kutoufungua mfumo. Dawa itoke kwenye bomba iingie kwenye mpira wa mkojo kwa kiungo kinachokazwa, kitambaa cha kunyonya chenye plastiki upande wa chini kikiwa kimetandikwa. Mpira ubanwe kwa muda aliouagiza daktari, kisha ubanuliwe dawa itoke moja kwa moja kwenye mfuko uliofungwa. Watu wa wodi wasiumwage mfuko huo chooni kwa mkono. Ufungwe na kutupwa mzima. Kazi ya daktari ni kuhakikisha kwanza kwamba kibofu hakikutoboka, maana dawa ikivujia tumboni huunguza, lakini nawe una haki ya kuuliza swali hilo kwa sauti kabla hujamkabidhi bomba. Na ikiwa hospitali itaanza kutibu kwa kuosha tumbo na dawa ya moto ya nyuzi joto 41 hadi 43, kama ifanyikavyo katika nchi nyingine, jambo hilo lina mvuke na moshi wa aina yake na haliwezi kuanzishwa kwa mazoea haya peke yake.

Mitomaisini si peke yake. Angalia kama chumba chenu hutumia fluorourasili kwenye presha ya macho au kwa sindano kwenye kovu kubwa la keloidi, au bleomaisini kwa uvimbe wa mishipa ya watoto. Tahadhari ni zile zile. Na ikiwa watoto wenye limfoma, saratani ya tezi, huletwa kwenu ili wachomwe methotreksati, dawa nyingine ya saratani, mgongoni wakiwa wamelazwa usingizi, naomba uniruhusu nitoke kidogo kwenye swali lako: vinkristini, dawa ya saratani ya kutiwa kwenye mshipa tu, isiingie kabisa katika chumba hicho siku hiyo. Ikichomwa mgongoni kwa makosa huua karibu kila mara, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, kamwe isiwe kwenye bomba la sindano, ili isiwezekane kuchanganywa na dawa ya mgongo.

Dawa ikimwagika, wanaohusika wabaki na wengine watoke. Wekeni chumbani kisanduku kilichoandaliwa tayari: jozi mbili mbili za glavu, gauni, miwani, barakoa inayobana, vitambaa vya kunyonya, koleo dogo, mifuko mizito na alama ya kuwekwa mlangoni. Dawa ya maji ifunike kwa kitambaa cha kunyonya, na ya unga kwa kitambaa kilicholoweshwa ili isipeperuke, kisha futa kutoka pembeni kwenda katikati. Spiriti haiivunji dawa; huiyeyusha na kuisambaza meza nzima. Tumia maji na sabuni, kisha klorini, kisha maji tena. Klorini ile ya asilimia 0.5 tuliyoizoea kwa ajili ya damu ni hafifu kwa kazi hii. Panapofanyika kazi hii mara kwa mara hutumiwa ya asilimia 2, na haina budi kusuuzwa kwa sababu hula chuma cha pua. Mikono nayo vivyo hivyo: ile dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haiondoi mitomaisini. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya ndoo yenye bomba. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe hapo hapo. Ikiingia jichoni, suuza dakika 15 kwa maji au maji ya chumvi, kisha umwone daktari na tukio liandikwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri juu ya haya, na daftari la matukio ndilo litakalokusaidia kudai glavu na gauni katika bajeti ijayo.

Kuhusu taka, jibu langu ni kwamba si sawa, na hapa sina namna ya kulainisha. Dawa hizi huhitaji moto wa nyuzi joto zipatazo 1,200 ili zivunjike kabisa. Vichomea taka vya matofali vilivyo katika hospitali zetu nyingi havifiki huko, na dawa isiyoungua hutoka na moshi kuelekea wodini na kwenye nyumba za jirani, au hubaki kwenye majivu ambayo kijana wa taka huyazoa kwa koleo. Wala usishauriwe kuzifukia. Mwamba ulio chini ya sehemu kubwa ya pwani hii ni wa chokaa na matumbawe. Yeyote aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameona jinsi maji yanavyojitafutia njia ndani ya mawe ya namna hiyo, na watu wengi bado wanachota visimani. Zihifadhini kwenye ndoo ngumu yenye kifuniko cha kujifunga, iliyoandikwa waziwazi kuwa ni taka za dawa za saratani, katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Mfamasia wa hospitali awasiliane na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kuhusu mahali panaporuhusiwa kuziteketeza, na awaulize pia wenzetu wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambao kazi yao ya kila siku ni dawa hizi. Kwa kuwa kiasi chenu ni kidogo, ndoo moja inaweza kuchukua muda mrefu kujaa, na safari chache kwa mwaka si gharama ya kuishinda hospitali.

Mashuka na magauni ya kitambaa yaliyopata dawa yasirushwe kwenye rundo la wengine. Yafungwe kwenye mfuko wenye maandishi, yaloweshwe na kufuliwa peke yake mara moja, kisha yafuliwe tena na mengine. Anayefua aelezwe, na apewe glavu nzito na aproni. Mama wa usafi naye aelezwe, kwa jina la dawa na kwa kuonyeshwa rangi yake, maana kati ya wote walioingia chumba kile yeye ndiye ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Wa mwisho ni mgonjwa wa kibofu anayerudi nyumbani, tuseme Pangani au Muheza, baada ya dozi za kliniki zinazofuatia upasuaji. Mwambie yeye na anayemuuguza kwamba kwa saa 48 mkojo wake unaweza kuwa na dawa. Akojoe akiwa amekaa au amechuchumaa vizuri usiruke, amwage maji mengi mara mbili, ajioshe sehemu za siri na mikono kwa sabuni, na kama ana mwenza watumie kondomu katika siku hizo. Anayeosha choo au ndoo ya mgonjwa asiwe mjamzito wala mtoto. Khanga au shuka iliyolowa ifuliwe peke yake mara mbili, na anayeifua avae glavu. Mpe jozi nne aondoke nazo.